Wanafunzi wa bara wamjue pono kwa macho

Ni wanafunzi wachache wa Kiswahili katika shule za Kitengela na Kajiado ambao hawajawahi kuandika katika insha kwamba fulani alilala usingizi wa pono. Nahau hiyo huikariri kwa kuwa huwapatia alama. Lakini pono ni nini? Hapo wengi hunyamaza, wala si kosa lao: bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 400.

Msamiati huzaliwa na macho. Mtoto wa mfugaji wa Kajiado hulielewa jambo hili, kwani Kimaa kina majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe. Wavuvi wa pwani nao waliwatazama viumbe wao, wakatupa changu, chewa, tasi, kikande na taa.

Pono ana meno yaliyoshikana mithili ya mdomo wa kasuku. Mchana huyakwangua matumbawe akitafuta mwani, na chembe za mawe anazomeza huzitoa zikiwa mchanga mweupe. Usiku hujibanza katika nyufa za mwamba, na aina nyingine hujifunika utando wa ute, wakalala fofofo. Aliyeibuni nahau ile alikuwa amemwona.

Shule zetu hupeleka wanafunzi Mombasa, wakaonyeshwa Fort Jesus na feri ya Likoni, wakacheza na mawimbi, wakarudi. Bahari yenyewe hawajaiona. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, zina matumbawe katika maji mafupi. Mwanafunzi akivaa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na jaketi la kuokolea, huelea kifudifudi chini ya uangalizi wa mwongozaji na kutazama. Likizo ya Disemba huangukia msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu. Lililobaki ni kuchagua saa ya maji kupwa, kuwakanya wanafunzi wasikanyage matumbawe, na kumwomba mwongozaji awatajie samaki kwa Kiswahili.

Watakaosema kwamba hii ni anasa ya watalii wakumbuke kuwa nauli ya basi, ambayo ndiyo gharama kubwa, tayari wazazi huilipa.

Tena, wakati hautungoji. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa; mwaka 2016 yalipauka tena. Wenyeji wa Kitengela hawahitaji kufafanuliwa maana ya hasara ya namna hii. Nyumbu waliokuwa wakivuka kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuja malishoni kwao wamepungua mno tangu ploti na nyua zilipozagaa.

Walimu wenzangu, nahau hubaki vitabuni hata kiumbe wake akitoweka. Tuwapeleke wanafunzi wamwone pono angali hai, ili watakapoliandika jina lake wawe wanalijua.