Stima Hupotelea Wapi?

Jioni moja, nikiwa likizoni nyumbani Bomet, niliandamana na baba yangu mdogo hadi kiwanda cha chai ambako yeye na majirani zake hupeleka majani yao. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha na magari ya kubeba majani yalikuwa yamejipanga langoni. Hatukuwa tumekaa sana ghafla taa zote zikazimika, na ngurumo ya feni za kunyaushia majani ikakoma kana kwamba kiwanda kizima kimekata roho. Sauti ikasikika gizani: "Stima imepotea!" Baba mdogo akanigeukia kwa utani wake wa siku zote. "Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe daktari wa maneno. Hiyo stima ikipotea, huwa imekwenda wapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Hata hivyo, swali lile lilinikaa moyoni, kwani wakati sisi tulipokuwa tukicheka, maelfu ya kilo za majani mabichi yalikuwa yakipata joto bila upepo. Nataka leo, wasomaji wapenzi, nimjibu mzee wangu hadharani, maana naamini kwamba si yeye peke yake anayestahili jibu.

Nianze na taaluma yangu. Sisi Wakenya husema stima "imepotea". Wenzetu wa Tanzania husema umeme "umekatika". Neno stima lenyewe lina asili ya Kiingereza, na watu wa pwani walilitumia kwa meli ya moshi kabla halijahamia kwenye taa. Nalo neno umeme lilikuwa la radi kabla ya kuwa la waya. Si ajabu basi kwamba tunalichukulia jambo hili kama tunavyoichukulia radi, yaani kitu kinachokuja na kwenda kwa hiari yake. Lakini tazama vitenzi. Mbuzi hupotea. Kamba hukatika. Katika kauli hii ya kutendeka, mtenda hatajwi, wala hatarajiwi kuwepo. Mtoto anayejua lugha yake hamwambii mama kwamba amevunja kikombe, bali kwamba kikombe kimevunjika. Mama naye, kwa kuwa anaijua lugha hiyo hiyo, huuliza papo hapo: nani amekivunja? Kuhusu umeme, sisi tumekuwa mama asiyeuliza.

Ili tuweze kuuliza, yafaa kwanza tujue umeme ni kitu cha namna gani. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Ukiondoa kiasi kidogo kinachoweza kuhifadhiwa katika betri na kwa njia nyinginezo, umeme unaoutumia wakati huu unazalishwa wakati huu. Mitambo mikubwa ya maji na ya mvuke iliyounganishwa katika gridi ya taifa huzunguka kwa mapatano, ikishika mapigo 50 kwa kila sekunde. Ni kama mafahali waliofungwa nira moja wakilima shamba. Matumizi yakizidi uzalishaji, mapigo hupungua. Uzalishaji ukizidi matumizi, mapigo huongezeka. Fahali mmoja akianguka ghafla, waliobaki huchukua mzigo wake. Wakishindwa, nao huanguka mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima ikaingia gizani.

Kuna vyombo vya ulinzi vilivyowekwa ili kuzuia balaa hiyo. Mapigo yanaposhuka kupita kiasi, vyombo hivyo hukata umeme wa baadhi ya maeneo katika muda mfupi mno ili mzigo upungue na sehemu nyingine zisalimike. Hapa ndipo sarufi inapokuwa jambo la maisha. Nyakati nyingine umeme umekatika kweli, mathalani mti ulipoangukia waya. Lakini nyakati nyingine umeme haukukatika: umekatwa, na umekatwa kwako ili usikatwe kwa mwingine. Huenda uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, aliyetolewa kafara ana haki ya kujua kwamba ametolewa.

Je, anayekata na anayeunganisha ni nani? Wengi wetu hulaumu jina moja tu, lile lililoandikwa kwenye bili. Ukweli ni kwamba kazi imegawanywa. KenGen na kampuni za kibinafsi huzalisha. Kenya Power hununua umeme huo, huusambaza majumbani na viwandani, na bado ina njia kuu za zamani. Ketraco, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2008, ina jukumu la kujenga na kutunza njia kuu mpya za kusafirishia umeme, zile za minara mirefu ya chuma, kuanzia kilovolti 132 kwenda juu. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, husimamia bei na leseni. Kituo cha kuongoza mfumo mzima kilichoko Juja Road, Nairobi, kimekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Kenya Power, na tangu Sheria ya Kawi ya 2019 suala la nani hasa ashike usukani huo limekuwa likijadiliwa. Kwa hiyo anayeuliza "nani?" lazima awe tayari kutofautisha mwenye kuzalisha, mwenye kusafirisha, mwenye kuongoza na mwenye kusambaza.

Minara hiyo mirefu ina siri yake. Umeme hupandishwa volti kabla ya safari ndefu kwa sababu ukiziongeza volti maradufu, mkondo unaohitajika hupungua nusu, na hasara katika waya hushuka hadi robo. Basi, baba mdogo, kama kuna umeme unaopotea kwa maana halisi ya neno, ni huu: ule unaogeuka joto ndani ya nyaya njiani, mchana na usiku, hata taa zako zinapowaka vizuri. Ule wa jioni ile haukupotea. Haukufika kwetu kabisa.

Na kwa nini usifike? Tuitazame ramani ya kwetu. Mito ya Kipsonoi na Yurith, inayopita katika nchi hii ya chai, huungana kuwa Mto Sondu, ambao maji yake huendesha kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60 huko Nyakach, na kile cha Sang'oro cha megawati 21 baada yake. Maji yetu, kwa hiyo, huwasaidia Wakenya wote kupata mwanga. Lakini umeme haurudi kwetu kwa mkondo wa mto. Kwa miaka mingi umepandia upande wa Muhoroni hadi kituo cha Chemosit, ukaendelea Sotik na Kisii, huku Bomet ikiunganishwa kutoka Sotik. Huko Chemosit hushushwa hadi kilovolti 33 na kuanza safari yake juu ya nguzo za mbao kupita mashamba yetu. Mpangilio wa namna hiyo ni mkia: jambo likitokea karibu na kiuno, ncha yote hufa ganzi. Ndiyo maana mradi wa Ketraco wa laini ya kilovolti 132 kutoka Narok hadi Bomet una uzito kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. Kusudi lake ni kuugeuza mkia kuwa pete, ili umeme wa mvuke wa Olkaria ufike kwetu kwa njia ya pili, na njia moja ikiharibika nyingine ibebe mzigo.

Isitoshe, sisi tunaishi chini ya mawingu makorofi. Kericho ni miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na katika mapokeo ya Wakalenjin radi ina mwenyewe, Ilat, asiyechezewa. Minara mikubwa huwekewa waya wa kinga juu kabisa ili radi ipokewe na kupelekwa ardhini. Nguzo za mbao za vijijini hazina kinga ya kiasi hicho, na miti tunayoipanda karibu nazo haizisaidii. Lawama nyingine, kusema kweli, ni zetu.

Sasa turudi kiwandani. Majani ya chai huendelea kubadilika tangu yanapochumwa. Hunyaushwa kwa upepo wa feni kwa saa nyingi, yakakatwakatwa, yakaachwa yachachuke kwa muda uliopimwa, kisha yakakaushwa ili uchachukaji ukome. Feni zikisimama, majani yaliyorundikana hupata joto na kuwa mekundu. Mashine zikisimama katikati ya uchachukaji, ladha huharibika. Kiwanda huwasha jenereta, naam, lakini jenereta hunywa dizeli. Mashamba makubwa ya Kericho yana mitambo yao midogo ya maji. Mkulima mdogo hana. Viwanda vilivyo chini ya KTDA ni mali ya wakulima wenyewe, na gharama za kiwanda hutolewa kabla mkulima hajalipwa. Kila saa ya giza, basi, hukatwa katika bonasi ya baba mdogo, naye haioni popote kwa jina lake.

Nasema haya kwa sababu nchi hii imezoea kupewa maelezo ya kauli ya kutendeka. Tarehe 7 Juni 2016 gridi nzima ilianguka, na KenGen ikaeleza kwamba tumbili alikuwa ameangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, zikapotea zaidi ya megawati 180. Dunia ilicheka. Nami ninakubali kwamba tumbili alikuwepo. Lakini swali la msingi halikuwa la tumbili; lilikuwa kwa nini pigo la kituo kimoja liliangusha nira nzima. Mwaka 2023 giza la nchi nzima lilitujia tarehe 25 Agosti, tukarudia tena Novemba na tena Desemba. Mara nyingi taarifa ya kwanza kumfikia mwananchi ilikuwa ni kwamba kumetokea "hitilafu". Hitilafu ni neno zuri la Kiarabu lenye maana ya tofauti au kasoro. Halimtaji mtu, halitaji mahali, halitaji dawa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Vifungu hivyo viwili nivisomapo pamoja, naona wajibu ulio wazi. Kila umeme unapokatika kwa eneo pana, wahusika watueleze kwa Kiswahili kinachoeleweka mambo manne: palipoharibika ni wapi, chombo hicho ni cha nani, je, sisi tulikatika au tulikatwa, na kitafanywa nini ili yasirudi. Wataalamu wa umeme wasidhani kwamba mkulima hataelewa. Mtu anayejua saa ya kuchuma, kiasi cha joto na madhara ya kuchelewa dakika kumi hashindwi kuelewa mapigo 50.

Nasi raia tubadili semi zetu. Jioni ile jenereta iliponguruma na taa zikarudi, baba mdogo aliniambia, "Haya, imepatikana." Nilimjibu kwamba haikuwa imepotea, na kwamba inayowaka sasa ni dizeli yake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akatazama bomba la moshi, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mwenye hisa aliulize katika mkutano ujao wa kiwanda chake: "Basi nani ataniambia ilikatwa na nani?"

Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo. Mzee ameuliza. Wenye jibu wajibu.