Uchovu Sugu kwa Mwenye Fibromialjia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa mgonjwa aliyekwisha kuambiwa ana fibromialjia, yaani maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi. Akilalamika kwamba anachoka kupita kiasi, huambiwa uchovu ni sehemu ya maradhi yake. Ni kweli: vigezo vya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani, vilivyorekebishwa mwaka 2016, vinauhesabu uchovu. Lakini vigezo hivyohivyo vinatamka kuwa fibromialjia haiondoi uwezekano wa ugonjwa mwingine, na vile vya ugonjwa wa uchovu sugu, vya mwaka 1994, havikumtenga mwenye fibromialjia. Daktari anayefunga faili kwenye jina la kwanza hana kanuni ya kujitetea nayo.

Upungufu wa damu na hitilafu za tezi dundumio zikishaondolewa, swali kubwa halihitaji maabara: ukijikaza leo, keshokutwa unaamkaje? Mwenye fibromialjia pekee naye huweza kuumwa zaidi baada ya kazi, na hapo ndipo wengi huchanganya. Mwenye uchovu sugu huzidiwa mwili na akili, mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye. Anafua nguo Jumamosi. Jumatatu hawezi kufuata mazungumzo, koo linamwuma kama mwenye mafua, na usingizi wa usiku kucha haujampumzisha. Vigezo vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya 2015 vinalifanya jambo hili kuwa sharti, pamoja na shughuli kupungua sana kwa miezi 6, usingizi usioburudisha, na ama akili kuwa nzito ama kuzidiwa anaposimama. Hili la mwisho hupimika kwa saa ya mkononi: mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akisimama dakika 10. Mtu mzima akipanda kwa mapigo 30 au zaidi, asipuuzwe.

Watauliza: kama hakuna dawa ya kuponya lolote kati ya hayo, majina mawili ya nini? Wengine hudai ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Huenda. Ila ushauri haufanani hata kidogo. Madaktari wa baridi yabisi wa Ulaya huyapa mazoezi uzito kuliko tiba nyingine yoyote ya fibromialjia, ilhali taasisi ya NICE ya Uingereza, mwaka 2021, ilikataza kumpa mwenye uchovu sugu ratiba ya mazoezi yanayoongezwa kwa kiwango kilichopangwa. Aliye na yote mawili, akiandikiwa kutembea nusu saa na kuongeza kila wiki, anaweza kurudi hali imezorota, kisha aambiwe ni mvivu.