Cheti Hakifungui Kibanda

Picha hii imezoeleka pwani ya Kenya: vijana wamejipanga nyuma ya vyerehani vipya, mgeni rasmi kakaa katikati, kila mhitimu kainua cheti chake. Hoja iliyo nyuma ya picha ni nyepesi. Kijana asiye na kazi hurubunika upesi. Basi mpe ufundi, na Al-Shabaab watamkosa.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 2023 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilitoa utafiti uliowahoji karibu watu 2,200 katika nchi 8 za Afrika, Somalia ikiwemo. Zaidi ya 1,000 kati yao waliwahi kuwa ndani ya makundi yenye itikadi kali. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, robo walisema kilichowapeleka hasa ni kukosa kazi. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17 tu.

Ila watafiti waliuliza pia kama kulikuwa na tukio mahususi lililomfanya mtu akate shauri. Karibu nusu walisema lilikuwepo, na kati ya hao asilimia 71 walitaja ukiukaji wa haki za binadamu, mara nyingi mkononi mwa vyombo vya dola: baba kauawa, kaka kakamatwa. Kwa kijana wa namna hiyo cherehani ni zawadi nzuri iliyobisha mlango usio wake.

Jaribio moja lililopima kwa makini kama mafunzo ya ufundi hubadili msimamo wa kijana lilifanyika mbali na huku, Kandahar, kusini mwa Afghanistan. Vijana 2,597 waligawanywa kwa kura. Kuna waliofundishwa ufundi kwa miezi 3 au 6, kuna waliopewa dola 75 mkononi mara moja, kuna waliopata vyote viwili, na kuna waliosubiri. Mafunzo peke yake hayakubadili chochote katika mtazamo wao kuhusu serikali ya wakati huo na waasi wa Taliban. Fedha peke yake ziliivutia serikali marafiki wa muda mfupi, kisha wakaipa kisogo. Waliopata ufundi pamoja na fedha ndio ambao bado walikuwa upande wa serikali miezi 8 baadaye.

Yeyote aliyewahi kuanza kazi ya jua kali ataona mantiki ya matokeo hayo. Fundi mpya wa pikipiki anahitaji spana, mahali pa kukaa, kodi ya mwezi wa kwanza na subira ya kungoja wateja. Asipovipata, miezi yake ya mafunzo imemwonyesha tu ukubwa wa anachokikosa, na kinyongo huongezeka badala ya kupungua.

Na si ufundi wa mikono pekee unaofundishika. Jijini Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia wanaume 999 walioishi kwa wizi na ugomvi. Hawakuwa magaidi, lakini walikuwa aina ya watu ambao kila mwenye vita huwatafuta. Waliopata wiki 8 za mafunzo ya kudhibiti hasira na kujipangia maisha, kisha wakapewa dola 200, walikuwa na uhalifu pungufu kwa karibu nusu kuliko wasiopata chochote, hata miaka 10 baadaye.

Kaunti za Kwale, Lamu na Mombasa zina mipango yao ya kukabiliana na itikadi kali, na mafunzo ya ufundi yamo. Lakini kuna kikwazo ambacho hakuna mwalimu wa ushonaji anayeweza kukiondoa: kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wengi Waislamu wa pwani na Wasomali wa kaskazini mashariki walipigwa msasa wa ziada, wakitakiwa kuleta hata vyeti vya babu zao, ilhali wenzao wa bara waliondoka na karatasi zao bila maswali. Mwanzoni mwa 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa huo umefutwa katika maeneo ya mpakani. Lakini kwa ambaye bado hajakipata, kikwazo kiko palepale: bila kitambulisho hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na bila laini hakuna M-Pesa. Mteja anayetaka kulipia shati kwa simu atamlipa fundi wa jirani.