Jina la Mtoto na Amri ya Jenerali

Mzazi mpenzi, siku ya ubatizo ulimchagulia mtoto wako jina la mtakatifu. Je, ungefanya nini kama serikali ingekuambia: Jina hilo ni marufuku? Jambo hilo liliwapata jirani zetu wa Kongo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wakubwa wakagombana, na tarehe 24 Novemba 1965 Jenerali Joseph-Désiré Mobutu akatwaa utawala kwa nguvu ya jeshi. Alisema atatawala miaka mitano. Watu wengi walifurahi, maana walikuwa wamechoshwa na fujo. Lakini miaka mitano ikawa zaidi ya thelathini.

Mwaka 1967 aliunda chama chake, MPR, na baadaye kila mwananchi alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, na padre aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni akatishiwa kifungo. Kupenda majina ya mababu si kosa. Kosa ni kumlazimisha mzazi. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akanyang'anywa nyumba yake, akaenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli haikuwa tena sikukuu ya serikali, na mwishoni mwa mwaka huo shule za misioni zikatwaliwa.

Haikupita miaka mingi, serikali ikashindwa kuziendesha, ikayarudishia makanisa kazi hiyo. Lakini fedha za nchi zilikuwa zimeliwa. Katika miaka ya 1990 walimu walikaa bila mshahara wa kuwatosha, na wazazi, maskini kama wewe na mimi, wakaanza kuwachangia ili shule zisifungwe.

Mobutu alikimbia Mei 1997, akafa Morocco mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Michango ile haikuondoka naye. Mzazi wa Kongo aliendelea kuilipa mpaka mwaka 2019, serikali ilipoanza kutoa elimu ya msingi bila malipo. Hata mtoto aliyezaliwa baada ya Mobutu kufa alirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango.

Basi, wazazi, siku mtakapomsikia mtu akisema, "Afadhali askari watutawale kidogo," msimcheke, wala msimwitikie upesi. Mwulizeni: Na hao askari, nani atawaambia basi?