Jinsi ya kumlea pitbull awe mtulivu na mwenye furaha

MBWA aina ya pitbull anapotajwa, wengi hujiwa na taswira ya mnyama mkali afungwaye kwa mnyororo mzito nyuma ya lango. Sifa hiyo haikuzuka hivi hivi. Mbwa huyu ana nguvu nyingi, na anapouma madhara yake huwa makubwa, hasa kwa watoto. Hata hivyo, kuwa na nguvu si sawa na kuwa na chuki dhidi ya binadamu.

Asili yake ni Uingereza ya karne ya 19. Mchezo wa kuwashambulisha fahali kwa mbwa ulipopigwa marufuku mwaka wa 1835, walioupenda waligeukia kupiganisha mbwa kwa mbwa. Walichanganya damu ya bulldog na ya teria, na wahamiaji wakaipeleka mbegu hiyo Marekani. Ndiposa baadhi ya pitbull huwa wepesi wa kuwakabili mbwa wenzao, jambo ambalo mfugaji hapaswi kulipuuza.

Je, malezi mema yaweza kumrekebisha mbwa wa aina hii? Jibu lilipatikana Marekani. Mnamo Aprili 2007, polisi walipekua makazi ya Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, katika jimbo la Virginia, na kunasa takriban pitbull 50 waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya mapigano. Vick alifungwa jela na kuagizwa alipe zaidi ya dola 900,000 za kuwatunza mbwa hao.

Awali, mbwa wa mapigano waliuawa kwa jumla baada ya kesi kumalizika. Mara hii kila mmoja alichunguzwa peke yake. Wengi waliokolewa, 22 walipelekwa katika hifadhi ya Best Friends jimboni Utah, na wengine wakatafutiwa familia. Baadhi yao hatimaye walikuja kuwa mbwa wa kuwaliwaza wagonjwa. Ilibainika kwamba wengi wao hawakuwa wakali bali waoga.

Funzo ni kwamba mbwa hujifunza kwa kutuzwa wala si kwa kupigwa. Akiketi unapomwamuru, mpe kipande cha nyama papo hapo. Ukichelewa, hatajua anatuzwa kwa lipi. Mazoezi ya dakika tano, mara kadhaa kwa siku, yanafaa kuliko saa nzima ya makelele. Anapokurukia kwa furaha, mgeuzie kisogo hadi atulie. Kila mtu nyumbani atumie neno lile lile kwa amri ile ile.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mamake kabla ya kutimiza wiki nane. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi ndipo hujifunza dunia ni mahali pa namna gani. Katika kipindi hicho mzoeshe watu wa rika zote, sauti za magari na wanyama wengine, bila kumtisha, huku ukizingatia ushauri wa daktari wa mifugo kuhusu chanjo.

Humu nchini, wapo wanaoamini kwamba mbwa afungwaye kutwa na kuchapwa huwa mlinzi hodari. Hiyo ni dhana potovu. Mbwa wa namna hiyo hujaa hofu na uchovu wa upweke, na siku mnyororo ukikatika hatatofautisha mwizi na mtoto wa jirani. Pitbull huhitaji kutembezwa kila siku akiwa ameshikwa kamba, kitu cha kutafuna na muda wa kukaa na watu wake.

Hata aliyelelewa vyema asiachwe na mtoto mdogo bila mtu mzima kuwepo. Akikakamaa, akigeuza uso au akinguruma, anaomba nafasi, mpe. Usimwadhibu kwa kunguruma, kwani siku nyingine atauma bila kuonya. Anayeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali, kwani kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza.

Asiye na muda wa kutekeleza haya yote ni heri asimfuge pitbull. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na gharama ya malezi mabaya ya mbwa mara nyingi hulipwa na mtu asiye na hatia.