Uzi wa Chini Unasingiziwa

Vitanzi vya uzi vikijaa chini ya kitambaa, mshtakiwa wa kwanza huwa bobini. Kasha lake hutolewa, kiskrubu chake hukazwa, hulegezwa, hukazwa tena, na mwisho cherehani nzima hutangazwa mbovu na kuuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hukumu hiyo karibu kila mara huwa ya uonevu, kwa kuwa vitanzi vya chini ni kosa la uzi wa juu. Nathubutu kusema kwamba cherehani nyingi za miguu zinazokaa stoo kando ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza mjini hadi Ukerewe, hazijachakaa. Zimepoteza vipimo tu, na vipimo hurudishwa kwa bisibisi.

Mshono wa cherehani ni mvutano wa nyuzi mbili, na fundo lao linapaswa kufichika ndani ya unene wa kitambaa. Mmoja ukilegea, mwenzake huuvuta upande wake. Uzi wa juu uliolegea huburutwa chini, kwa hiyo kosa linakuwa juu na dalili yake chini. Na uzi wa juu hulegea kwa sababu ndogo sana. Visahani viwili vinavyoubana hufunguka mguu wa kukandamizia kitambaa ukiinuliwa, na hubana ukishushwa. Anayepitisha uzi wakati mguu uko chini huuacha nje ya visahani. Anayepima mkazo wakati mguu uko juu hapimi chochote. Vumbi la pamba nalo hujipenyeza humo na kuvizuia visibane, ilhali kitambaa laini kikipitishwa katikati yake hulitoa. Kasha la bobini lina mtihani wake: lining'inize kwa uzi wake. Likitulia, kisha likashuka kidogo na kusimama kila unapolitikisa, mkazo wake ni mzuri, na kiskrubu chake kiachwe.

Jambo linalonishangaza zaidi katika chombo hiki ni kwamba kasha hilo halijafungwa kwenye mwili wa mashine, wala haliwezi kufungwa. Kwa kila mshono, kitanzi cha uzi wa juu lazima kilizunguke kasha zima pamoja na bobini yake, mbele na nyuma, ndipo kiukamate uzi wa chini. Kasha limezuiwa lisizunguke tu, na pembeni pameachwa mwanya wa uzi kupita. Kitanzi chenyewe huzaliwa kwa hila: sindano hushuka hadi mwisho wake, kisha hupanda kiasi cha milimita 2 hivi, kitambaa huuzuia uzi usipande nayo, uzi unatuna upande wa bapa la sindano, na papo hapo ncha ya ndoano ya chini inaunasa, juu kidogo ya tundu. Ndiyo maana bapa la sindano sharti litazame upande wa ndoano. Sindano iliyopinda kidogo, au isiyosukumwa juu hadi mwisho, huupeleka mtuno huo mahali ambapo ndoano haipiti, na mishono inaruka. Anayekimbilia kulegeza ndoano kabla ya kubadili sindano anaharibu kipimo kizima kwa kukwepa gharama ya sindano moja.

Watu watasema vipuri vya mashine za zamani havipatikani. Kwa baadhi ni kweli: Singer za aina ya 27 na 28, zenye bobini ndefu nyembamba, zina vifaa vyao peke yao, na asiyekuwa navyo asinunue. Lakini Singer aina ya 15 ilinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na Butterfly za Shanghai zikafuata umbo hilohilo. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885, kilifungwa 1980, lakini sindano za HAx1 zinazouzwa leo ni zilezile 15x1 za aina hiyo ya 15. Watasema pia kwamba mashine za umeme za viwandani hupiga mishono zaidi ya 4,000 kwa dakika. Ni sawa kwa kiwanda. Anayepunguza suruali ya mtumba iliyonunuliwa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, hahitaji kasi hiyo, na umeme ukikatika yeye anaendelea kukanyaga. Zipo zilizokufa kweli, zenye mwili uliopasuka au shafti iliyolika, na hizo ziende kwenye chuma chakavu. Mashine iliyokwama tu bado ina uhai: mara nyingi imetiwa mafuta ya kula, ambayo hukauka yakawa gundi. Mafuta ya taa huiyeyusha gundi hiyo, lakini yafutwe, kisha mashine itiwe mafuta mepesi ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa hayailindi shafti isisagike.

Kazi za cherehani hizi zinajulikana: sare za shule, vitenge, mashuka, mapazia, viraka, kupunguza na kuongeza. Kinachoudhi ni kwamba Kanda ya Ziwa, inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania na iliyowahi kujivunia kiwanda cha nguo cha Mwatex, hununua nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Kukiyeyusha na chombo cha kuzirekebisha ni hasara juu ya hasara. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ushonaji, na mhitimu wake asipewe cheti kabla hajaweza kufungua kasha la bobini, kupima mkazo wa nyuzi na kurudisha wakati wa ndoano kukutana na sindano kwa mkono wake. Nawe mwenye cherehani stoo, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma, weka sindano mpya, inua mguu upitishe uzi upya, safisha visahani, tia mafuta. Ikigoma baada ya hayo, ndipo umwite fundi. Mwenye mizani asiitwe kabla yake.