Kanzidata Kuu katika Usimamizi wa Kamera za Usalama: Muundo na Usimikaji Wake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inasadifu hali ya kamera za usalama ambazo zimeenea katika benki, maduka makuu na vyuo vikuu vya Kenya. Aghalabu watu hudhani kwamba kamera ndiyo mfumo mzima, ilhali kamera bila daftari ni jicho lisilo na kumbukumbu. Daftari hilo ndilo kanzidata, istilahi iliyotokana na 'kanzi', yaani hazina, na 'data'. Makala haya yanafafanua muundo wa kanzidata kuu na namna inavyosimikwa, kwa kurejelea XProtect, programu ya kampuni ya Milestone Systems iliyoasisiwa Denmark mwaka wa 1998.

Awali ya yote, ni sharti kutofautisha hazina mbili. Ya kwanza ni ya picha zenyewe, ambazo huhifadhiwa katika diski za seva ya kurekodia. Ya pili ni kanzidata kuu, inayokaa katika programu ya SQL Server ya Microsoft. Humo mna orodha ya kamera, majina ya watumiaji, haki zao na kanuni za kurekodi. Sababu ya utengano huu ni ukubwa wa picha. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde huzalisha takribani gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 100 kwa siku 30 zitahitaji takribani terabaiti 65. Kwa upande mwingine, SQL Server Express, toleo lisilolipiwa, liliwekewa ukomo wa gigabaiti 10 kwa kila kanzidata katika toleo la mwaka wa 2022. Kiasi ambacho hutosha kwa orodha na kanuni za taasisi ndogo, lakini si kwa picha.

Usimikaji wenyewe huwa na hatua nne kuu. Kwanza, msimamizi huamua iwapo kanzidata itakaa katika kompyuta moja na seva ya usimamizi au itatengewa seva yake. Pili, hutolewa akaunti maalumu ya kuendeshea huduma, nayo hupewa mamlaka juu ya kanzidata hiyo tu, wala si juu ya seva nzima. Tatu, iwapo seva ni mbili, njia ya mawasiliano baina yazo hufunguliwa, kwa kawaida kupitia mlango nambari 1433, huku kompyuta nyinginezo zikizuiwa. Vilevile, saa za mitambo yote hulinganishwa, kwani picha yenye saa ya uongo ni shahidi wa uongo. Nne, huwekwa ratiba ya nakala rudufu, nazo hujaribiwa kwa kurejeshwa. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Je, kanzidata ikiharibika bila nakala? Seva za kurekodia huweza kuendelea kurekodi kwa muda, lakini orodha ya kamera, kanuni na haki za watumiaji italazimu kuundwa upya kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Suala hili, hata hivyo, si la kiufundi pekee. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu. Aidha, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaweka masharti ya kukubaliwa kwa rekodi za kielektroniki mahakamani. Haki zilizoandikwa katika kanzidata ndizo zinazoamua nani atazame picha za nani, na kumbukumbu za matumizi ndizo zinazoonyesha aliyezitazama.

Kwa kuhitimisha, taasisi inayonunua kamera na kupuuza kanzidata imenunua macho bila kujua ni nani anayetazama kwayo. Anayelindwa na kamera hana budi pia kulindwa dhidi yake, na ulinzi huo huanzia daftarini.